Sura ya 6: Droo Isiyojaa

Ilikuwa saa kumi na mbili kasorobo jioni, Mtaa wa Uhuru, Kariakoo. Mama mmoja muuza khanga aliivuta droo ya meza yake mpaka mwisho, akaichomoa kabisa kwenye reli zake na kuipindua juu ya khanga kuukuu iliyotandikwa sakafuni. Noti zikamwagika, sarafu zikabingirika hadi chini ya majora. Akakaa chini, akazipanga: nyekundu peke yake, zambarau peke yake, za simba peke yake, za buluu mwisho. Akalowesha kidole kwenye sponji, akahesabu, akanyamaza. Akahesabu tena. Mara ya tatu akanipa mimi, akisema macho yake yamechoka. Nikapata kile kile alichopata yeye: pungufu ya shilingi 40,000.

"Mwanangu," akaniambia, "hapa pamepita mtu."

Hakusema nani wala vipi. Alichukua ndimu moja kutoka kwenye mfuko wa sokoni, akaisukuma kwenye pembe ya droo, akairudisha droo mahali pake na kuifunga kwa goti. Mimi nilikuwa nimekwenda kununua doti mbili za kumpelekea mama mkwe. Nikaondoka na khanga zangu, na kichwani nimebeba animesheni ya sekunde 8 ambayo baadaye ilinila miezi mitatu. Sura hii ni habari zake.

Aliyewahi kukaa dukani nchini humu anamjua huyo "mtu aliyepita". Jina lake chuma ulete. Kisa chenyewe husimuliwa hivi: mteja anakuja na noti kubwa kununua kitu kidogo. Anapewa bidhaa, anapewa chenji, anaaga vizuri na kwenda zake. Noti yake inabaki kwenye droo lakini haikai. Ikifika saa yake inamrudia mwenyewe, na hairudi mikono mitupu. Inazichuma noti ilizozikuta humo na kuondoka nazo. Jina ni amri mbili tu, kama bibi anavyomtuma mjukuu mwembeni: chuma, ulete. Na kitenzi ndicho kile kile tunachokitumia kwa embe na kwa mali. Mfanyabiashara ameamka alfajiri kwenda kuchuma, jioni anakuta yeye ndiye aliyechumwa. Sijui kisa kingine cha mjini ambacho jina lake limebeba hadithi nzima namna hii.

Hakina mambo makubwa. Hakina popo wa kutisha kama popobawa, aliyewafanya watu wa Pemba walale nje ya nyumba zao mwaka 1995 na uvumi wake ukavuka bahari mpaka Dar es Salaam. Hakina gari jekundu kama la mumiani, ambalo wazee wa mjini waliliogopa enzi za mkoloni wakiamini kwamba wazimamoto hukamata watu usiku na kuwanyonya damu. Habari hizo za wanyonya damu zilienea Afrika Mashariki yote, na mwanahistoria Luise White alizikusanya kwenye kitabu chake Speaking with Vampires cha mwaka 2000. Nilipoanza nilitaka kumchora mumiani. Leo hii kituo cha mwendokasi cha Barabara ya Morogoro kinaitwa Fire, abiria wanashuka hapo na mifuko yao bila kukumbuka kwamba babu zao wangevuka upande wa pili. Lakini mumiani ni hofu ya mji uliotawaliwa. Chuma ulete ni hofu ya mji unaouza, na Kariakoo inauza.

Hata jina la mtaa huu limetokana na mizigo. Waingereza walipoutwaa mji mwaka 1916, kikosi chao cha wapagazi, Carrier Corps, kiliwekwa hapa, na midomo ya watu ikalifanya neno hilo kuwa Kariakoo, kama ilivyotokea Nairobi kwenye Kariokor. Mwaka 1983 serikali iliwasaka wahujumu uchumi na kuwaondoa mjini waliohesabiwa kuwa wazururaji. Miaka michache baadaye rais tuliyemwita Mzee Ruksa akafungua milango ya biashara, na mitaa ya nyumba za chini za vyumba sita ikaanza kugeuka maghorofa yenye fremu za maduka hadi ngazini. Biashara ikawa ya kila mtu. Na pale ambapo kila mtu ana droo, kila mtu ana upungufu wa kuueleza. Tangu M-Pesa ianze nchini mwaka 2008, mawakala nao wana malalamiko yao ya chuma ulete. Nilifikiria kuchora simu badala ya droo, nikaacha. Tarakimu zikipungua kwenye kioo jicho haliumii. Noti ikitoka kwenye droo, mkono wenyewe unataka kuidaka.

Sasa nieleze nilivyokosea, maana kosa hilo ndilo lililonifundisha kuchora kwa uchache kuliko darasa lolote.

Rasimu yangu ya kwanza ilikuwa na kila kitu. Nilichora kikongwe amejifunga kaniki, mgongo umepinda, macho mekundu, ungo ukutani nyuma yake, moshi, paka. Niliupenda sana mkunjo wa shavu lake. Siku mbili nzima nilikuwa juu ya shavu hilo. Nikaweka kishikwambi kwenye mkoba nikarudi Mtaa wa Uhuru.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Haya, nionyeshe."

Akatazama. Akacheka kidogo. Kisha kicheko kikakatika, akasogeza kioo karibu na uso, akashusha sauti. "Huyu si yule bibi anayeuza ubani pale kona?"

Nilihisi baridi. Bibi huyo namfahamu, nimewahi kununua ubani kwake. Sikuwa na habari naye hata chembe wakati nachora. Lakini kikongwe ni kikongwe, kaniki ni kaniki, na mgongo uliopinda unafanana na migongo yote iliyopinda. Mchoro wangu ulikuwa umemtaja mtu. Na nchi hii tunajua kinachowapata wanaotajwa. Kanda ya Ziwa tumezika vikongwe wengi waliouawa kwa sababu macho yao yalikuwa mekundu, na macho hayo yalifanywa mekundu na moshi wa kuni na wa kinyesi cha ng'ombe walichopikia miaka yote. Mchoraji anayemwekea mchawi macho mekundu ili apendeze anaipalilia imani hiyo hiyo. Nilifuta faili palepale mbele yake, na shavu langu la siku mbili likaenda.

Tangu siku hiyo kanuni ya kwanza ya kazi hii ikawa moja: asionekane uso. Niliifikia kwa woga wa kumdhuru mtu, urembo ukafuata baadaye. Wengi wanaosifu michoro ya mistari michache huisifu kwa kuwa ni safi, ni ya kisasa, inakaa vizuri kwenye simu. Hayo yote kweli. Mimi naisifu kwanza kwa kuwa inaacha watu salama.

Ukiondoa uso, kisa kinabaki na nini? Kinabaki na vitu vitatu: mkono, noti, droo. Na ukikisikiliza vizuri, utagundua hata wasimulizi hawana zaidi ya hivyo. Hakuna niliyemsikia akieleza mchawi wa chuma ulete amevaa nini. Wanaeleza noti ilikuwa ngapi, ilipokelewa na nani, droo ilifungwa saa ngapi. Kisa chenyewe kilikuwa kimeshachorwa kwa uchache, mimi ndiye niliyekibebesha ungo na paka.

Nilianza na droo. Bibi zetu waliiita mtoto wa meza, na jina hilo lilinisaidia kuliko kitabu: meza ni mama, kapanua mikono, mtoto anatoka na kurudi kifuani. Meza yangu ni mstatili mmoja mweusi. Mtoto wake ni mstatili mdogo ndani yake, umetengwa kwa ufa mwembamba wa rangi ya usuli, rangi ya chai ya maziwa. Hakuna kitasa. Nilikiweka, nikakitoa, nikakirudisha, mwishowe nikaona jicho linajua droo kwa jinsi inavyotoka, kitasa kinalichosha tu.

Noti ilikuwa rahisi, na hapa Kariakoo yenyewe ilinifanyia kazi. Mstatili mwekundu, basi. Sikuweka tembo, sikuweka tarakimu. Mtu wa mji huu akiona mstatili mwekundu unapita kwenye mkono anasema "msimbazi" kabla hujamaliza kumuuliza, kwa sababu noti ya 10,000 ni nyekundu, na Wekundu wa Msimbazi ni Simba, na makao ya Simba yapo Mtaa wa Msimbazi hapa hapa. Noti, klabu na mtaa vimo ndani ya rangi moja. Mtazamaji wa Oslo ataona karatasi nyekundu. Sikumchorea yeye. Uchache unawezekana pale tu ambapo mchoraji na mtazamaji wanajua pamoja mambo mengi ambayo hayakuchorwa. Noti nyingine zikafuata mkondo huo: zambarau ya faru, rangi ya chungwa ya simba, buluu ya Mwalimu.

Usuli ulihitaji mstari mmoja wa kusema tupo wapi. Nilijaribu maghorofa, yakafanana na ya mji wowote duniani. Nikapanda juu ya jengo la jirani nikalitazama paa la soko kuu, lile lililosanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975. Paa hilo ni miavuli ya zege iliyopinduliwa, midomo juu, inapokea mvua badala ya kuikataa. Soko liliungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021, lakini umbo la paa hilo halijaungua vichwani mwa watu. Nikalichora kwa mstari mmoja unaopanda na kushuka mara tatu. Kumbe Amuli naye alikuwa amekwishafuta kila kisichohitajika. Mimi nilinakili tu.

Wapo wanaodhani uchache huu tumeuazima. Ni kweli kwamba walimu wa ugenini wapo, na nimejifunza kwao. Mjerumani Lotte Reiniger alitoa filamu ya Prinsi Achmed mwaka 1926, watu wake wote wakiwa vivuli vya karatasi nyeusi iliyokatwa kwa mkasi, na bado unajua nani ana hofu kwa namna bega lilivyoshuka. Studio ya UPA ya Marekani, kwenye Gerald McBoing-Boing ya mwaka 1950, ilichora nyumba nzima kwa mistari ya kuhesabika. Lakini kabla sijawajua hao nilikuwa nimelala juu ya khanga. Khanga ina pindo, ina mji, ina jina, na rangi zake ni chache. Korosho moja katikati, mstari wa maneno chini yake, na mke mwenza amepata salamu zake. Na wazee wetu waliosoma gazeti la Uhuru walimjua Chakubanga wa Christian Gregory kwa mistari michache, wakacheka asubuhi nzima. Tulikuwa na shule yetu, tukasahau kuiita shule.

Kazi ngumu ilikuwa mwendo.

Sinema hupita fremu 24 kwa sekunde. Wachoraji wengi huchora picha moja kwa kila fremu mbili, yaani picha 12 kwa sekunde, na jicho linaridhika. Sekunde 8 ni picha 96. Ukiwa na uso, mtazamaji anasoma hisia usoni. Ukiwa na mistatili mitatu, hisia yote inakaa kwenye muda: kitu kinachukua picha ngapi kutoka hapa hadi pale. Norman McLaren wa Kanada, mtu aliyewahi kuchora moja kwa moja juu ya mkanda wa filamu, aliamini kwamba linalotokea kati ya picha na picha lina uzito kuliko lililo ndani ya picha yenyewe. Nilikuwa nimelisoma hilo zamani. Nililielewa kwenye droo hii.

Mkono unaingia kwa picha 14, taratibu, kwa adabu, kama mteja mwema. Droo inatoka, noti inashuka. Inafungwa kwa picha 4 tu: pa! Kisha hakuna kinachotokea. Hapo ndipo nilipopoteza wiki tatu. Mwanzoni nilingoja picha 8, yaani chini ya sekunde moja, na noti ilipotoka ilionekana kama mchezo wa kiini macho. Nikaongeza hadi 16. Bado. Nilipofika picha 30, sekunde mbili na nusu za droo iliyofungwa na paa lisilotikisika, kila niliyemwonyesha alianza kuinamia kioo. Wengine walidhani simu imeganda. Wakati huo huo, na wala si mapema, ukingo mwekundu mwembamba unachungulia kwenye ufa.

Hautoki kwa haraka. Nilimwangalia fundi cherehani akivuta uzi kutoka kwenye kitambaa, nikaiga kasi yake. Noti nyekundu inapita kwenye ufa bila droo kufunguka, na nyuma yake, zimeungana kama shanga kwenye uzi, zinafuata ya zambarau, ya chungwa, ya buluu. Zinapotelea ukingo wa kushoto, kule kule mkono ulikotokea. Ufa unabaki. Halafu mkono unaingia tena, na noti nyekundu.

Animesheni inayojirudia ina tatizo moja kubwa: picha ya mwisho lazima ishikane na ya kwanza, la sivyo mtazamaji anaona mshono. Nilihangaika: kama noti zote zimetoka, mzunguko wa pili unaanzaje na droo iliyojaa? Jibu lilikuwa mbele yangu muda wote. Droo imefungwa. Hakuna anayeona ndani yake mna nini. Na mwenye duka naye haoni, mpaka jioni. Kisa kinajirudia kila siku ya Mungu, na mchoro unajirudia pamoja nacho. Sikuhitaji kuweka mwanzo wala mwisho.

Mkono ulinisumbua kwa namna nyingine. Nilipouwekea bangili ukawa wa mwanamke, nikakumbuka bibi wa ubani. Nilipouwekea saa ukawa wa tajiri fulani. Nikaufanya mweusi mtupu kama meza, usio na umri wala jinsia. Na kwa kuwa nilikuwa nimechoka, mkono wa muuzaji unaopokea niliupata kwa kuugeuza ule ule wa mnunuzi. Mchoro mmoja, pande mbili. Nilidhani nimeokoa kazi ya siku moja. Kumbe nilikuwa nimesema jambo.

Kwa maana nilikuwa nimeshakaa na mama yule na daftari lake, Jumapili duka limefungwa, tukazitafuta zile 40,000. Chakula cha mchana cha watu watatu, 6,000. Bodaboda aliyepeleka mzigo Gerezani, 5,000. Jirani aliyeomba 10,000 ya kuzungushia mpaka jioni. Vocha, 3,000. Mchango wa msiba, 5,000. Jumla 29,000, zote zimetoka kwenye droo kwa mkono wake mwenyewe, na hakuna hata moja iliyoandikwa. Elfu 11 hatukuzipata. Alizitikisia kichwa, akasema hizo sasa ndizo zake yeye mwenyewe, chuma ulete, na sikubishana naye. Mtu anayetafuta riziki kwenye mlango wa mita mbili ana haki ya kuwa na jina la hasara yake. Ninachokataa ni jina hilo kupewa jirani.

Kuhusu sauti sitasema mengi. Nilirekodi Mtaa wa Kongo asubuhi nzima, vipaza sauti vya "jero, jero", mikokoteni, honi za bajaji, kisha nikatupa yote. Zimebaki sauti mbili: droo ikifungwa, na karatasi ikisuguana na mbao. Rangi bapa chache zina faida nyingine ambayo vijana wanaoanza wasiipuuze: faili linakuwa jepesi. Umbizo la GIF, lililobuniwa mwaka 1987, linabeba rangi 256 kwa picha. Mimi nilihitaji 6. Toleo hilo la GIF halina sauti, lakini ni chini ya megabaiti moja, na mtu wa bando la siku analifungua bila kuumia.

Niliipeleka animesheni Mtaa wa Uhuru ikiwa imekamilika, pamoja na sauti zake. Mama aliutazama mzunguko wa kwanza kimya. Wa pili, alipofika kwenye ule utulivu, aliweka kiganja juu ya droo yake. Wa tatu, akamwita kijana wa duka la pili aje aone, na mpeleka mizigo, na bibi wa ubani kutoka pale kona, ambaye alikuja akijikokota, akaangalia, akasema, "Hasara hiyo naijua," akarudi kwenye ubani wake.

Wewe unayetaka kuchora kisa cha mtaani kwako, anza kwa kuwasikiliza wanaokisimulia, uandike vitu wanavyovitaja kweli. Cha kwangu kimeishia hapa: sekunde 8, picha 96, rangi 6, sauti 2. Nyuso, sifuri.